Insha Kumi na Moja Kuhusu Kaka Yangu

Nilikuwa nimewasomea hadithi. Yote yalianzia hapo, na sina wa kumlaumu, kwa sababu hadithi niliichagua mimi mwenyewe. Ilikuwa katika kitabu cha ziada cha gredi ya sita: bibi kizee aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto, hatoki nje, haongei na mtu, na watoto wa kijiji wanashindana nani atathubutu kuugusa mlango wake. Haikuwa hadithi nzuri sana. Mwandishi alikuwa na haraka ya kufika kwenye funzo. Lakini darasa langu, ambalo saa nane mchana huwa limelala macho wazi kwa uzito wa githeri ya shule, siku hiyo lilikaa wima. Nilipomaliza hawakunyamaza. Mmoja alitaka kujua bibi alikuwa anakula nini. Mwingine aliuliza kama ana choo ndani ya nyumba. Mwalimu wa Kiswahili hapati siku nyingi kama hiyo katika mwaka.

"Basi andikeni yenu," niliwaambia. "Kurasa mbili. Kichwa ni 'Jirani Tusiyemwona'. Nazitaka Ijumaa."

Sikuwa nimefikiria. Ndivyo ninavyojiambia, ingawa huwa najiuliza kama kweli mtu anaweza kuishi na jambo moja miaka mitatu, kisha awape watoto kichwa kama hicho bila kufikiria.

Jumamosi asubuhi niliketi jikoni na madaftari arobaini na mawili, kikombe cha chai na kalamu nyekundu. Insha za kwanza zilikuwa za majoka na mizimu, za watoto wanaotaka kumfurahisha mwalimu. Ya saba ilianza hivi: "Karibu na kwetu kuna kichochoro kinachotoka kwenye kinu cha posho hadi barabara ya lami. Katikati ya kichochoro kuna duka ambalo haliuzi kitu."

Niliweka kalamu chini. Duka hilo lilikuwa langu.

Ploti yangu ni ndefu na nyembamba, kama nyingi za mtaa ule. Geti liko upande wa lami, nami huingia na kutoka kwa upande huo. Upande wa nyuma, unaopakana na kichochoro, aliyeniuzia alikuwa ameacha chumba kimoja cha matofali kilichowahi kuwa duka. Kilikuwa na dirisha la mbao la kuuzia bidhaa, mlango unaotazama kichochoro, na ukutani tangazo la sabuni lililofifia mpaka akabaki mwanamke asiye na uso ameinua shuka jeupe. Kati ya nyumba yangu na chumba hicho kuna ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo na tangi la maji, na michongoma imefunga pande zote. Mtu anayepita kichochoroni hawezi kujua kwamba chumba kile na nyumba yangu ni boma moja. Wanafunzi walijua kwamba Mwalimu anakaa kwenye geti la kijani, barabarani. Hawakujua kwamba duka lisilouza kitu lilikuwa mgongoni mwake.

Ndani ya chumba hicho aliishi kaka yangu.

Alikuwa dereva wa trekta za miwa, upande wa Kabras. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana, na aliipenda vile mtu anavyopenda mnyama mkubwa anayemtii. Yeyote aliyekulia kwetu anajua watoto wanavyofanya trela la miwa likipita: wanalikimbilia kwa nyuma, wanachomoa muwa, wanaanguka, wanacheka, wanakwenda kuutafuna chini ya mti. Sote tulifanya hivyo, hata mimi. Madereva huwafokea lakini hawasimami, kwa sababu ukisimama kwenye kilima na mzigo ule, huenda usiondoke tena.

Siku hiyo mtoto hakuja kwa nyuma. Alikuja kwa ubavuni, akaingia kati ya trekta na trela. Alikuwa msichana wa miaka minane, amevaa sare ya shule. Kaka yangu alisikia kishindo kidogo tu, akadhani ni jiwe. Akaenda mbele hatua kama mia moja, mpaka alipoona wanawake wakikimbia wameshika vichwa. Aliruka chini akaingia ndani ya miwa, na kutoka huko aliuona moshi wa trekta yake ikichomwa. Baadaye mahakama ilisema hakuwa na kosa. Hilo halikumsaidia kitu. Mke wake alivumilia mwaka mmoja na mume asiyeamka kitandani, kisha akachukua watoto wao wawili akarudi kwao. Mama yetu akamtunza mpaka mama mwenyewe akafa. Tulipomaliza kumzika, wazee waliulizana nani atakaa naye, wakatazama chini. Nikasema nitakaa naye mimi, ingawa kwetu ni aibu mwanamume mzima kulelewa na dada yake, na aibu hiyo naye aliijua.

Watu wazima hakuwaogopa. Aliogopa watoto. Akisikia sauti zao aligeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka zipite. Nilimweka katika kile chumba kwa kuwa sikuwa na kingine, na sikuwa nimetambua kwamba kichochoro ndiyo njia yao ya shule.

Wiki ya kwanza mlevi mmoja aligonga dirisha akitaka sigara, akidhani duka limefunguliwa tena. Kaka yangu alitetemeka siku nzima. Jioni akaniambia, "Mwana wa mama, weka kufuli kwa nje, upande wa kichochoro. Wakiliona watajua hakuna mtu."

Nikaweka. Mlango wa uani ulibaki wazi kwake, aje jikoni, aende chooni, aote jua la asubuhi karibu na tangi. Nami nikitoka kwenda kazini nilifunga geti la mbele, kama kila mtu anavyofunga. Kwa hiyo hakuwa mfungwa. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana.

Shuleni sikumwambia mtu. Mwalimu mwenzangu mmoja anatoka kijiji kile kile cha yule mtoto, na aliwahi kusimulia habari hiyo katika chumba cha walimu, akimwita dereva mnyama. Nilikuwa namenya ndizi. Niliendelea kuimenya. Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema?

Mwaka wa pili kaka yangu alipata nafuu kidogo. Alianza kupalilia sukuma wiki zangu, akaanza kusikiliza redio. Siku moja, akiwa anakausha mikono, aliniuliza kama mtu anayeuliza saa, "Ule ufunguo wa kufuli la huko nyuma, uko wapi?"

"Nitautafuta," nilisema.

Ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Hakuuliza tena.

Basi Jumamosi ile nilisoma insha moja baada ya nyingine huku yeye yuko uani anafua. Watoto kumi na mmoja walikuwa wameandika juu yake. Wa kwanza alisema ndani ya duka kuna chatu anayelishwa paka wa mtaa. Wa pili alisema ni mzungu wa zamani aliyesahauliwa na wenzake. Kuna aliyeandika kwamba ukilaza sikio kwenye mbao za dirisha utamsikia akihesabu, na ukisikia hesabu ikifika umri wako utakufa. Mwingine alidai ni maiti ambayo jamaa zake wameshindwa kuizika kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Nilicheka kwa hiyo, peke yangu, kisha nikafunga mdomo.

Lakini karibu wote waliandika kitu kimoja ambacho sikukijua. Waliandika kwamba kila jioni wakipita, sauti nzito inatoka ndani ya mbao na kusema: "Msikimbie." Mmoja aliandika hivi: "Sauti inasema msikimbie, na sisi hukimbia mpaka barabarani bila kuangalia nyuma."

Kaka yangu, ambaye kwangu alikuwa anasema maneno kumi kwa siku, alikuwa anaongea na watoto.

Insha ya mwisho kati ya hizo ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na mmoja anayekaa dawati la pili, mtoto mkimya ambaye sare yake ilikuwa kubwa kwake kwa kuwa alirithi ya dada yake. Yeye hakuandika chatu wala maiti. Aliandika kwamba wenzake hukimbia, lakini yeye ana mguu unaouma, kwa hiyo hupita polepole, na kwa sababu hiyo amewahi kuisikia sauti hadi mwisho. Haisemi "Msikimbie" peke yake. Inasema, "Msikimbie. Mkifika barabarani, simameni kwanza." Naye huitikia, "Asante." Kisha akaandika maneno ambayo nayajua kwa moyo: "Wenzangu wanasema mtu huyu amejificha. Mimi nimeangalia. Kufuli liko nje. Mtu akijificha hufunga kwa ndani. Kwa hivyo huyu mtu hajajificha, amefichwa."

Nilikaa na daftari hilo mpaka chai ikafanya utando. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea, nikaandika chini yake: "Kazi nzuri. Zingatia matumizi ya koma."

Jioni, kabla ya giza, tulikuwa jikoni sote wawili. Mimi nasonga obusuma, yeye anachambua mboga za mrenda. Nikamwambia watoto wameandika juu yake. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka acheke. Nilimsomea ya chatu akacheka kweli, kicheko kidogo cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama yupo. Alicheka kwa ya mzungu pia. Nikaendelea na ya tatu, ya nne.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka."

"Mwana wa mama, nimekusikia ukisoma tangu ukiwa darasa la kwanza, unasoma kwa sauti nyuma ya nyumba. Ukiruka, sauti yako inapanda. Umeruka."

Nilikuwa nimeruka sentensi mbili. Nikazisoma. "Watu husema zamani mtu huyo alikula mtoto wa wenyewe. Ndiyo sababu hawezi kutoka mchana, kwa maana jua litamwonyesha."

Aliacha kuchambua. Majani yalikuwa mkononi mwake.

"Huyo anajua," alisema.

"Hajui chochote. Ni hadithi tu. Watoto wanabuni."

"Anajua."

Sufuria ilianza kuungua na harufu ikajaa jikoni. Niliiepua, nikamsomea insha ya yule msichana, yote, pamoja na kufuli. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Ni huyu anayeniitikia?"

"Nadhani ni yeye."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Akahesabu kwa kimya, nami nikajua anahesabu yule wa Kabras angekuwa na miaka mingapi leo. Kisha akasema, "Jumatatu lifungue lile kufuli."

Nilitoa ufunguo kwenye mkoba mbele yake. Aliona ulikotoka.

Jumatatu kabla ya kwenda shuleni nilizunguka kichochoroni, nikalifungua kufuli, nikalitia mfukoni mwa koti. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati la bluu aliloenda nalo kwenye mazishi ya mama. Nilifundisha siku hiyo nikiwa na furaha ya kijinga. Niliwarudishia madaftari, nikawasomea insha mbili za majoka, sikusoma hata moja ya duka. Saa tisa na nusu kengele ililia wakaondoka. Mimi nilibaki kidogo kumalizia rejista, kisha mawingu yakafunga upande wa msitu kama yanavyofunga karibu kila alasiri, nikachukua mwavuli nikatoka.

Yaliyotokea niliyasikia vipande vipande baadaye, na mengi niliyapata kwa yule msichana. Kaka yangu alifungua mlango kundi lilipokaribia. Hakutoka; alisimama kizingitini tu. Watoto wa mbele walipiga mayowe wakatawanyika. Yule msichana alisimama, kwa sababu ya mguu, au kwa sababu alitaka. Kaka yangu akamnyooshea mkono, naye akaupokea, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyopokea mkono wa mtu mzima. Kisha kaka yangu akashindwa kuuachilia. Alianza kulia, akapiga magoti pale pale, ameushika ule mkono mdogo kwa mikono yake miwili.

Mtu anayepita akiona hivyo ataona nini? Mwanamume asiyejulikana, ametoka katika chumba kilichofungwa miaka mitatu, amemshika msichana, na watoto wanakimbia wakilia. Mwenye kinu cha posho alikuja na mpini wa jembe. Mwendesha bodaboda akaacha pikipiki. Wengine walitoka majumbani.

Nilipofika mdomo wa kichochoro mvua ilikuwa imeanza. Niliona migongo ya watu. Kati ya miguu yao nilimwona ameketi kwenye kizingiti, damu inatoka sikioni inachanganyika na maji, shati la bluu limepasuka begani. Yule msichana alikuwa amevutwa pembeni na wanawake, anasema na kurudia, "Alinisalimia tu! Hakunifanya kitu, alinisalimia tu!" Hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Mama mmoja, ambaye mtoto wake nilikuwa namfundisha, aliniona akanishika mkono.

"Mwalimu! Kumbe huyu mtu amekuwanga hapa ndani siku hizi zote, na watoto wetu wanapitanga hapa! Wewe si unakaa upande wa pale mbele? Unamjua?"

Watu waligeuka. Walininyamazia kwa heshima, vile watu wanavyomnyamazia mwalimu. Nilikuwa na kufuli mfukoni. Nililihisi likinigusa paja.

"Hapana," nilisema. "Simjui."

Aliinua kichwa aliposikia sauti yangu. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Mzee wa mtaa alikuwa amefika, akainama mbele yake akamwuliza kwa upole zaidi ya wote, "Wewe, watu wako ni nani? Tumwite nani?"

"Sina watu," kaka yangu akajibu.

Wakawapigia simu polisi. Mimi nilirudi nyuma, nikazunguka hadi geti la kijani, nikaingia. Ningependa kuandika kwamba nilianguka chini nikalia. Nilipita moja kwa moja hadi mlango wa uani wa chumba chake, nikauwekea komeo kwa nje, wasije wakaufungua wakaona kamba yangu ya nguo na mashati yake yameanikwa kando ya sketi zangu. Kisha nikasimama pale chini ya mvua, nikawasikia wakipekua kitanda chake upande wa pili wa mbao. Mtu mmoja alisema, "Hakuna kitu hapa. Redio tu."

Kichochoro kilipokuwa tupu nilikwenda kituoni kwa njia nyingine. Nilimwambia askari wa zamu kwamba mimi ni dada yake. Aliandika. Hakushangaa wala hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Hakujua kwamba nilikuwepo. Alisema mama wa msichana amekuja na mtoto, na mtoto amekataa katakata kwamba ameguswa vibaya, kwa hiyo hakuna kesi. "Mpeleke hospitali ashonwe hilo sikio," alisema. "Lakini mtaa huo, Madam, asirudi. Leo wamempiga, kesho watamchoma."

Alishonwa. Alfajiri tuliondoka kwa gari la kukodi kwenda Lugari, kwa senje, dada wa baba, ambaye aliolewa huko kwenye mashamba ya mahindi na ambaye sasa ni mjane anayesikia kwa shida. Njiani kaka yangu alitazama dirishani. Karibu na kufika alisema, bila mimi kumwuliza, "Ulifanya vizuri. Kama ningekuwa wewe, ningesema hivyo hivyo. Una kazi yako pale."

Mara nyingi nimetamani angenitukana.

Jumatano nilirudi darasani. Wakati wa mapumziko yule msichana alibaki nyuma, akasubiri wenzake watoke. Alisimama kando ya meza yangu akichezea mkono wa sweta.

"Mwalimu, yule mtu wamempeleka wapi?"

"Sijui, mama."

"Alikuwa ananiambia samahani. Alisema mara nyingi, samahani, samahani." Alifikiri. "Kwani alinikosea nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Hakukuwa na umati, wala mpini wa jembe. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye alikuwa amesema kweli mbele ya mtaa mzima siku ambayo mwalimu wake alishindwa. Ningeweza kumwambia, hata nusu. Ningeweza kumwambia kwamba yule ni kaka yangu na kwamba hakumkosea yeye.

"Sijui," nilisema. "Nenda ukacheze."

Akaenda. Muhula uliofuata wazazi wake walihamia Webuye, na sijamwona tena.

Kaka yangu aliishi Lugari miezi saba. Nilikwenda kila mwisho wa mwezi. Senje alikuwa amempa chumba kizuri chenye mlango unaofungukia shambani, na mahindi yalikuwa yamefika kifuani, kijani mpaka macho yanauma. Hakuna mtoto aliyepita karibu. Nilidhani mahali hapo patamfaa. Lakini alikuwa amerudi pale alipokuwa mwaka wa kwanza, akageukia ukuta, na safari hii hata kukiwa kimya hakugeuka. Senje alimchinjia ingokho, kuku wa heshima, akampikia uji wa wimbi, akamwombea na wamama wa kanisa. Alikula kidogo kwa adabu, kisha kidogo zaidi, kisha akaacha. Daktari alisema mapafu, akataja na damu. Mimi nadhani alichoka tu, ila hilo halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai, aliniomba kitu kimoja. Alitaka nimpeleke Kabras kwa mama wa yule mtoto. "Sitasema mengi," alisema. "Nitafika tu aniangalie. Akitaka kunipiga, anipige."

"Ukipata nguvu," nilimwambia. "Muhula ukifungwa tutaenda."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilijua simpeleki. Niliwaza yule mwalimu mwenzangu, na kijiji kile, na jinsi habari inavyosafiri haraka kuliko gari. Muhula ulifungwa siku tisa baada ya kumzika.

Tulimzika kwetu, karibu na Khayega, kando ya mama. Watu hawakuwa wengi. Mke wake alikuja, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Watoto wao, ambao sasa ni warefu, hakuja nao. Mhubiri hakumjua, akasema alikuwa mtu mpole aliyependa amani, maneno ambayo husemwa juu ya kila mtu na ambayo kwa mara moja yalikuwa kweli.

Niliporudi shuleni nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikipanga maneno kama ninavyowafundisha watoto: mwanzo, kati, mwisho. Nilimwambia kwamba yule mtu wa kichochoroni aliyepigwa mwaka jana alikuwa kaka yangu wa damu. Nilimwambia kwamba alikuwa ndiye dereva wa Kabras. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimesimama pale na kusema simjui, nikafunga mlango kwa komeo, na kwamba kuna mtoto wetu mmoja nilimdanganya uso kwa uso. Nilisema yote bila kulia. Nilitarajia nini? Aniite mbele ya bodi. Aniambie niandike barua ya kuacha kazi. Au hata anyamaze tu kwa muda, ili jambo lipate nafasi ya kukaa kati yetu mezani.

Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa. Ni mama mwema, na siku hiyo alikuwa na wakaguzi wanaokuja saa nne.

"Pole sana, Madam," alisema. "Pole kwa msiba. Hayo mengine yameshapita, usijitese nayo. Mungu anajua." Kisha akavuta karatasi karibu. "Sasa nisaidie kitu kimoja. Mpango wa kazi wa gredi ya sita bado haujaletwa. Utaweza kuniletea kabla ya hiyo saa nne?"

Nikasema nitaweza. Nikatoka, nikapita kando ya uwanja ambako gredi ya nne walikuwa wanaruka kamba, nikaingia darasani. Wote arobaini walisimama kwa pamoja kunisalimu. Nikawaambia waketi.